Zana Zilizong'aa Ukutani

Ndugu na majirani, nipeni masikio niwaambie yaliyomkuta fundi Barasa hapa Lodwar, mwaka ule wa sabini na tano. Mimi nilikuwa jirani yake. Nyua zetu zilitenganishwa na uzio wa makuti ya mikoma tu.

Jumamosi alasiri, jua likipunguza ukali, ungesikia tupa ya Barasa ikila chuma, mkewe Aregae akiimba jikoni, na binti yao mdogo Keziah akifukuza mbuzi kwa kelele. Ilikuwa nyumba ya raha.

Barasa alitoka Bungoma kuja kutengeneza malori ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, akamwoa Aregae, binti wa Namoruputh. Nyuma ya nyumba alijenga kibanda cha mabati, akaweka jiliwa ya kubania chuma na mashine ya kukereza chuma ambayo wenyewe waliitupa, yeye akaifufua. Zana nzuri zilikuwa shida kupatikana huku, kwa hiyo alijitengenezea zake. Nyundo aliikereza kutoka kwenye ekseli iliyovunjika. Patasi aliifua kutoka kwenye springi ya lori, akaichoma hadi ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, ikatoka ngumu ya kukata msumari. Mipini aliichonga kwa mti mgumu tunaouita edome.

Hapo hakuna kosa, wasomaji wangu. Kazi ya mikono ni baraka. Kosa lilikuja Barasa alipoanza kuzipenda zana kuliko kazi ya zana. Alizipaka mafuta, akazitundika ukutani, akakataza mtu yeyote kuzigusa. Akitoka kazini alipitiliza kibandani, na chakula kikapoa. Kitanda chao kibovu kilitegemezwa kwa jiwe. Mlango ulifungwa kwa kamba. Jiko la makaa nalo lilikuwa limevunjika mguu mmoja.

"Baba Keziah, tengeneza hii jiko. Inayumba," Aregae alimwambia.

"Kesho, mama. Leo namaliza bikari."

"Bikari utapima nini nayo?"

"Wewe ngoja uone itakavyopendeza."

"Na jiko?"

"Si nimesema kesho?"

Mfinyanzi hulia gaeni. Kesho ikazaa kesho nyingine, na bikari, ile zana ya miguu miwili ya kupimia na kuchorea duara, ikawa nzuri ajabu.

Jumapili moja asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Aregae aliteleka maji ya chai. Keziah akapita mbio, akaligusa jiko. Likainama, na maji yote yakamwagika mguuni mwake. Nilisikia mayowe, nikaruka uzio. Aregae alikuwa akimmiminia mtoto maji baridi ya mtungi. Barasa akatoka kibandani, bikari mkononi.

"Kuna nini?"

Aregae aliendelea kumimina maji. Barasa aliona lile jiko limelala ubavu, akaiachia bikari ikaanguka mchangani. Alimnyanyua mtoto akakimbia naye hospitalini, akilia njia nzima bila kujali nani anamwona.

Mguu ungepona, madaktari walituambia, lakini mtoto apumzishwe. Aregae akafunga mzigo wake.

"Naenda kwa mama," alisema kwa upole. "Hapa mimi naogopa nyumba yangu."

Upole ule ulimuuma Barasa kuliko matusi. Walipoondoka, aliingia kibandani akashika tupa, akairudisha. Alikuja uani kwangu akiwa amenyong'onyea.

"Mama Ekai, ile nyumba imenyamaza."

"Wafuate, fundi," nikamwambia. "Tena usiende mikono mitupu."

Nilidhani atabeba sukari na tumbaku. Alibeba, lakini kwanza alilitia jiko mguu mpya, na mlango akautia komeo. Kisha akazishusha zana zote ukutani, akazitia guniani, akapanda lori.

Haya ya Namoruputh alinisimulia Aregae mwenyewe. Mama mkwe alimpokea akiwa amesimama mbali kidogo, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, fundi."

"Ejok-noi, mama."

Mama akalitazama gunia. "Nasikia wewe fundi. Hii sufuria yangu mkono ilitoka zamani. Na kisu haikati."

Nani atamkatalia mama mkwe? Barasa aliketi kwenye kivuli cha mgunga akapigilia ule mkono wa sufuria, akanoa kisu. Majirani wakaja na mashoka, wakaja na ndoo zilizotoboka. Nyundo ilichubuka, mipini ikashika uchafu, naye akashangaa kujikuta anapiga mbinja. Keziah alikuja akichechemea, akakaa karibu akimpa misumari.

Aregae alitazama kwa mbali, mwisho akaja akaichukua nyundo. Barasa hakumzuia.

"Nzito," alisema.

"Ishike mwisho wa mpini. Piga."

Akapiga, akakosa, wote wakacheka. Kisha Barasa akasema taratibu, "Mama Keziah, uliniambia sana, sikusikia. Nisamehe."

"Nimesamehe. Lakini kitanda bado."

"Tukifika nitakitengeneza."

"Si kesho?"

"Siku ile ile."

Wakarudi Lodwar, naye akatimiza. Keziah alibaki na kovu, lakini alikimbia kama zamani. Kibanda kikawa na mlango wazi, na Aregae akajifunza kukata mabati, akawa anajitengenezea taa na vikombe vya kuuza sokoni. Barasa alizidi kufua zana, tena bora zaidi, ila jua likizama alizifuta, akaenda kula na watu wake.

FUNZO

Mlevi huonekana akiyumba, na jamii humkemea. Lakini mtu anayelewa kazi yake kama pombe haonekani upesi. Ana akili timamu, jasho lake ni la halali, nasi tunamsifu huku nyumba yake ikibomoka. Ndugu yangu, pima ufundi wako kwa nafuu wanayoipata wale mnaolala nao chini ya paa moja. Mkeo au mumeo akikuomba jambo dogo, usilidharau. Na uliyekwisha kosea, usikae na aibu yako. Beba ulicho nacho, uwafuate.