Bawaba ya Juu

Kila Jumamosi asubuhi Kidoti alibeba kopo la mafuta, akapanda ngazi za mawe za ngome kongwe iliyotunzwa na shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta bawaba mbili za mlango wa mnara. Ya chini aliipaka. Ya juu ilihitaji kigoda, na kigoda kilikuwa kizito. "Nimemaliza, shangazi!" alisema wiki baada ya wiki.

Jumamosi hiyo alifuatana na mdogo wake, Bonge. Walipoingia tu chumba cha mnara, upepo ukaubamiza mlango. Kidoti akauvuta. Wapi! Ulikuwa umelala upande, umeng'ang'ania sakafu.

"Dada, nataka kutoka," Bonge alilia.

Chumba kilikuwa chembamba kama kabati, hakina dirisha. Kidoti aliita mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye shangazi alifika na fundi seremala. Fundi aliinama, akapenyeza kofia yake kwenye ufa wa pembeni mwa mlango.

"Mkalishe mdogo wako juu ya kofia hiyo, mwanangu. Sakafu ina baridi."

Kisha akamgeukia shangazi. "Mama, bawaba ziko ndani, sizioni. Hupakwa mafuta?"

"Kila wiki. Mtoto huyu hanidanganyi."

"Basi bawaba ya juu itashika. Nauinua mlango kwa mtaimbo."

Kidoti aliinua macho kwenye mwanga hafifu wa ule ufa. Kutu ilikuwa imeila bawaba ya juu, imebaki nyembamba kama kucha. Bonge alikuwa ameketi chini yake, na pa kukimbilia hapakuwepo. Mtaimbo ukakwaruza jiwe.

"Fundi, ngoja! Ya juu sijaipaka tangu shule zifunguliwe. Imeoza!"

Mtaimbo ukaacha kukwaruza.

"Afadhali umesema," fundi alisema taratibu. "Mlango ungewaangukia."

Akaweka mtaimbo chini. Alipigilia kabari moja baada ya nyingine, akausukuma mlango kidogo kidogo mpaka ukapatikana upenyo. Bonge alikwama tumboni.

"Vuta pumzi, bwana mkubwa!" fundi alicheka, akamtoa.

Shangazi aliwakumbatia wote wawili kwanza. Kisha akamfuta Kidoti machozi.

"Kazi ikikushinda, niambie, nitakusaidia. Lakini ukiniambia imekwisha, mimi nitaamini. Na mtu mwingine ataweka uhai wake juu ya neno lako."