Kibao Nyuma ya Lori

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka mabondeni, Mwanasha alichota maji, akafagia uwanja, kisha akampelekea baba yake uji pale lilipolala lori. Baba yake, Idd Shemhilu, alikunywa uji huo akiwa amesimama. Bakuli lilikuwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa hewani, ukisogea mbele na nyuma kana kwamba umeshika kitu.

"Baba, uji utapoa," alisema Mwanasha.

"Acha upoe. Mkono huu lazima ujifunze," alijibu Idd, akaendelea kubadilisha gia ambazo hakuna mtu mwingine aliyeziona. Majirani waliopita na majembe yao walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Si kwamba Idd alikuwa mgeni wa magari. Alikuwa ameendesha malori miaka mingi huko Usumbura, katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji, na huko ndiko alikozaliwa Mwanasha. Babu alipofariki, Idd alirudi kwao Lushoto na mkewe na binti yake ili ashike shamba. Lakini Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na barabarani mambo yalikuwa kinyume kabisa. Magari yalipita kushoto badala ya kulia. Usukani ulikuwa upande wa kulia, na gia ilibadilishwa kwa mkono wa kushoto. Leseni yake ya Usumbura haikutambuliwa. Ilimpasa ajifunze upya na kufanya mtihani mbele ya polisi.

Mtihani huo haukuwa mchezo. Bwana Salimu, mfanyabiashara wa mboga na mwenye lori lile, alimwahidi Idd kazi ya kupeleka kabichi na karoti kwenye stesheni ya Mombo. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, angetafutwa dereva mwingine, maana kabichi haimngoji mtu.

Kwa sheria, Idd alijifunza akiwa na dereva mwenye leseni pembeni yake, naye ni Mzee Kristofa, aliyekaribia kustaafu. Tena lori lilifungwa kibao cheupe mbele na kingine nyuma, kila kimoja na herufi L kubwa nyekundu, ili watu wajue kwamba anayeendesha ni mwanafunzi.

Vibao hivyo vilimnyima Mwanasha raha. Shuleni, Selina, aliyekaa naye dawati moja, hakuacha kumtania.

"Mwanasha, baba yako yuko darasa la ngapi?" aliuliza siku moja mbele ya wenzao. "Nimemwona sokoni na kibao cha wanafunzi."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwanasha aliinamisha kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa na mzigo wake. Huko Usumbura hakuwahi kufundishwa hata neno moja la Kiingereza, na hapa wenzake walikuwa wameshatangulia. Mwalimu alipouliza, "Nani hajaelewa?" Mwanasha aliukalia mkono wake. Aliona heri kubaki gizani kuliko kuchekwa.

Jioni ile alimwuliza baba yake, "Baba, kwani vile vibao ni lazima? Wewe si unajua gari tangu zamani?"

"Gari nalijua, mwanangu. Barabara ya hapa ndiyo siijui. Mkono wangu bado unafikiri uko Usumbura."

Jibu hilo halikumridhisha. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na lori lingepita mbele ya shule watoto wote wakitazama. Baba alipokuwa akinywa uji wake, Mwanasha alizunguka nyuma ya lori, akafungua kamba ya katani, akakitia kile kibao cha nyuma ndani ya kikapu chake cha shule. Cha mbele hakuthubutu kukigusa, kwa sababu baba angekiona hakipo. Alijiambia moyoni kwamba anailinda heshima ya baba yake. Kumbe alikuwa akiilinda ya kwake.

Aliporudi kutoka shule alimkuta mama ameshika tama mlangoni. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia mkononi, na Mzee Kristofa amesimama mbele yake.

"Kuna nini, mama?" Mwanasha aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama alimweleza. Lori lilikuwa limesimama kwenye mteremko wa sokoni kupisha mbuzi. Wakati wa kuondoka, mkono wa kulia wa baba ulikwenda kutafuta gia mlangoni, kama ilivyokuwa desturi yake zamani. Kabla hajakumbuka, lori lilirudi nyuma kidogo, likavunja taa ya gari lililosimama karibu mno. Dereva wa gari hilo aliapa kwamba kama angeona herufi L angekaa mbali. Sajini Samsoni wa polisi alipokuja kutazama, hakukuta kibao nyuma. Akasema dereva anayeficha kwamba ni mwanafunzi hafai kufanyiwa mtihani, na kwamba Mzee Kristofa, aliyekuwa na dhamana, huenda akanyang'anywa leseni yake mwenyewe.

"Idd, tuambiane ukweli," alisema Mzee Kristofa. "Uliona haya ukakifungua?"

"Mzee, watu wamenicheka na kibao hicho tangu siku ya kwanza, nikacheka nao. Leo ndiyo nione haya?"

"Basi kimekwenda wapi? Kamba ya katani haijifungui."

Kikapu kilimwelemea Mwanasha mkononi. Hakuna aliyemwona. Angeweza kwenda kukitupa kibao kwenye mfereji wa barabara, kikaokotwa, watu wakasema kilianguka. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alipomtazama Mzee Kristofa, aliyeanza kumtilia shaka rafiki yake, machozi yalimtoka. Akatoa kibao na kukiweka miguuni pa baba yake.

"Ni mimi, baba. Nisamehe. Walinicheka shuleni."

Idd aliinama, akakiokota kibao. Hakumpiga wala hakumfokea.

"Futa machozi," alisema. "Twende kituoni. Utakayesema ni wewe."

Kituoni Mwanasha alimwamkia Sajini Samsoni, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba." Kisha akasimulia yote bila kujitetea.

"Nani amekutuma useme hivi?" aliuliza sajini.

"Hakuna. Niliona aibu, ndiyo maana nilikiondoa."

Sajini alikigeuza kibao mikononi. "Binti, unajua kibao hiki kinamwambia nini aliye nyuma? Kinamwambia, nipe nafasi, bado najifunza. Ulipokiondoa, ulimnyima baba yako nafasi."

Akamgeukia Idd. "Taa ya watu utaitengeneza. Mzee Kristofa atabaki na leseni yake. Mtihani wako upo palepale, na utaondoa lori kwenye mteremko uleule."

Siku ya mtihani Mwanasha alisimama kando ya barabara ya soko, Selina ubavuni pake. Lori lilipanda, likasimama katikati ya mteremko kama ofisa wa polisi aliyemtahini alivyoamuru. Kupitia dirishani Mwanasha aliuona mkono wa kulia wa baba ukiinuka kuelekea mlangoni. Mkono ukasita, ukarudi kwenye usukani. Injini ikanguruma, na lori likapanda taratibu bila kurudi nyuma hata kidogo.

Idd alifaulu. Alipofika nyumbani alimwita binti yake. "Wewe ndiye uliyekifungua kibao kwa siri. Leo kifungue hadharani."

Mwanasha alifungua kamba, na baba akamwambia, "Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kutojua si aibu. Aibu ni kuficha kwamba hujui, maana hapo hakuna atakayekufundisha, na unaweza kuwaumiza wengine. Mimi na mvi zangu nimeanza upya, na sikupungua kitu."

Mwanasha aliomba apewe kibao kile. Alikitundika ukutani, juu ya mahali alipofanyia hesabu zake.

Asubuhi iliyofuata, mwalimu wa Kiingereza alimaliza kuandika ubaoni, akageuka. "Nani hajaelewa?"

Mwanasha aliutoa mkono wake alipokuwa ameukalia, akaunyoosha juu.

"Mimi, mwalimu. Sijaelewa."

Wachache walicheka. Selina hakucheka. Alimtazama Mwanasha, akatazama ubao, kisha polepole naye akanyoosha mkono.