Aliyekuja kwa Jina Lake

Kilichoanza ni harufu. Chumba cha seva kilikuwa kikavu, hata kikombe cha chai hakikuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Lakini asubuhi ile fundi mitambo alipofungua mlango, alipokewa na harufu ya nguo mbichi zilizovundia ndooni. Akainama chini ya meza, akapapasa ukuta. Pakavu kau.

Moyo wake ulimwambia sababu. Akaunyamazisha.

Ofisi yao ilisafisha picha za zamani. Wateja walizituma kutoka mbali, zikaingia kwenye seva, na wasafishaji wakazifungua kila mmoja kwenye kompyuta yake. Fundi ndiye aliyeipangia seva namna ya kupokea mafaili, na siku aliyoipanga alikuwa na haraka ya kuwahi mpira. Akaweka tiki mahali pasipofaa: faili jipya likija na jina la lililopo, lichukue nafasi yake bila kuuliza. Basi mteja mmoja akatuma picha aliyoiita "mama", na mwingine naye akatuma "mama", ya pili ikaifuta ya kwanza. Yule wa kwanza alikuwa mzee aliyeunguliwa na nyumba. Hakubakiwa na sura nyingine ya mama yake duniani.

Bosi alipouliza, fundi alijibu, "Labda msafishaji aliifuta kwa bahati mbaya."

Msafishaji mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeishi nao nyumba moja. Akafukuzwa kazi. Jioni alimpakulia fundi chakula kama kawaida, macho yamemvimba, na fundi akala bila kuinua uso.

Sasa, na ile harufu puani, fundi alifungua picha ya harusi iliyokuwa imeingia. Nyuma ya bibi harusi alisimama mwanamume aliyewapa watu kisogo, shati limemganda mgongoni kwa maji. Akafungua picha ya wanafunzi. Yumo, amegeuka kidogo, sikio linaonekana. Akafungua ya kikongwe kitini, na mle shavu lilianza kujitokeza. Fundi akazima kioo, na hapo ndipo alipozisikia, chini ya mvumo wa mashine, nyayo za mtu aliyelowa, chapa, chapa, zikija taratibu kutoka nyuma ya kabati ambako hata paka asingepenya, zikapita ubavuni pake, zikasimama nyuma ya kiti chake, na pumzi baridi ikamgusa shingoni kama mtu anayesoma kazi yake begani.

Alitoka mbio hadi kwa shangazi yake, mganga wa kupunga majini. Bibi yule hakumruhusu hata kuketi.

"Umemfungulia nani, mwanangu?"

"Sijui, shangazi."

"Unajua."

Akamwekea kiganja kifuani, na kinywa cha fundi kikafunguka chenyewe, kikasema kwa sauti nzito isiyo yake: "Niliruhusiwa. Niliambiwa nisiulize."

Shangazi akaondoa mkono. Akanong'ona, "Mficha uchi hazai. Nenda kwa uliyemchafua, useme kwa kinywa chako kwamba ni wewe. Jua likizama hujasema, mimi simo."

Alimkuta shemeji uani, akianika nguo. Akayaacha maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima.

"Shemeji... ile picha. Inaonekana mtambo ulikuwa na hitilafu."

Shemeji akabana kibanio kwenye kamba. "Mtambo?"

"Ndiyo. Mambo ya mipangilio."

"Na nani aliupanga?"

Uso wa fundi ukawaka moto. Akasema anakwenda dukani mara moja. Akatembea mtaa baada ya mtaa, akijitukana, akirudi hatua mbili na kwenda tano, hata jua likamtupa mkono.

Aliporudi, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Kabla hajashika kitasa alisikia kilio cha shemeji, kisha sauti ya mwanamume iliyokuwa ikimwomba radhi bila kujificha, ikisema ni mimi shemeji, niliweka tiki kwa uzembe wangu, nikakusingizia kwa uoga wangu, kesho nitasema mbele ya bosi na ofisi nzima, nisamehe. Na sauti hiyo, kwa kila kikohozi na kila kigugumizi, ilikuwa yake.

"Yamekwisha, shemeji," shemeji akasema. "Umekuwa mwanamume."

Mkewe akacheka kwa machozi. Fundi akagonga, akagonga tena. Binti yake akafungua mlango kidogo, akamtazama kutoka juu hadi chini, akaziba pua.

"Mama, kuna mtu mlangoni. Ananuka."

"Anamtaka nani?"

"Mwanangu, ni mimi," fundi alinong'ona. "Ni baba."

Mtoto akageuka kutazama ndani, kisha akamrudishia macho yaliyojaa hofu.

"Baba," aliita, lakini hakumwita yeye, "njoo umfukuze."