Ngano ya Anghel

Asubuhi ile mtoto wa dubu alikohoa kikohozi cha mzee. Ruxandra aliacha kumimina maji, akatega sikio. Kilikuwa kikohozi cha mvuta tumbaku sugu, kisha yakafuata makohozi kutemwa sakafuni.

Ruxandra alikuwa amejitolea kulea dubu yatima katika hifadhi ile ya milima ya Karpati, na huyu Bruma ndiye aliyemshika moyo. Maziwa aligoma, asali aligoma. Alibaki ngozi na mifupa. Jana yake Safta, mjane wa kijijini, aliwaletea bakuli la ngano ya kuchemsha, sadaka ya arobaini ya mumewe Anghel. Sadaka ya maiti hupokewa kwa kusema "Mungu amsamehe", na aliyeipokea huila mwenyewe. Ruxandra alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mikono ilikuwa imejaa kazi, akasema "asante" tu, akampelekea Bruma. Bruma alikula mpaka akalamba bakuli, na Ruxandra, masikini, akalia kwa furaha.

Sasa Safta alikuja kuchukua bakuli lake. Alipofika kwenye kizimba alinusa, akasimama.

"Nani kala ngano yangu?" alinong'ona.

"Bruma, bibi."

"Na wewe uliitikia nini?"

"Nilisema asante."

"Asante ni ya sokoni, mwanangu! Umemnyima marehemu njia ya kwenda, kaingia alikolishwa."

"Basi msamehe wewe, bibi, atoke. Huyu mtoto atakufa!"

"Mkono huu alinivunja mara mbili. Mdomo wangu haukubali."

"Danganya! Leo tu, nakuomba."

Safta alifumba macho, akalazimisha ulimi. "Mungu... Mungu amsamehe Anghel."

Harufu ya tumbaku mbichi ikapanda kizimbani na kuwajaa kooni, na Bruma, ambaye juzi hakuweza hata kuinua kichwa, akasimama polepole kwa miguu ya nyuma, akashika nondo kama mtu anayeshika mlango wa nyumba yake, akakohoa, akatema, akamtazama mjane kwa muda mrefu sana.

"Safta," ilisema sauti. "Ngano haikuwa na sukari."

Safta aliinua mkono haraka, akaufunika uso wake.

Ruxandra aliita, "Bruma! Bruma wangu!" Aliita mpaka sauti ikamkauka. Yale macho hayakumgeukia hata mara moja.