Sanduku la Kuhesabia Chembe

Kila siku shule ilipofungwa, Chokochoko alikwenda chuoni kumngoja mama yake, mtafiti wa fizikia. Jina hilo alipewa kwa sababu vidole vyake havikujua kutulia.

Mezani kwa mama palikuwa na sanduku lililozungushiwa utepe mweusi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe ndogo mno zinazoshuka kutoka angani.

"Ukiingia mwanga hata wa tundu la sindano, litahesabu uongo," mama alimwonya. "Usiliguse!"

Miaka kumi na moja mama alihesabu chembe, na miaka yote hiyo mkuu wa idara alimkejeli. "Bado unahesabu hewa, Daktari? Ijumaa usipoleta jambo jipya mbele ya baraza la chuo, fungasha virago."

Jumatatu mama alipokwenda kufundisha, Chokochoko alibandua utepe, akachungulia. Hakuona kitu. Akaubandika tena harakaharaka, pembe moja ikabaki wazi.

Tangu hapo hesabu zikapanda maradufu. Mama akawa hashikiki kwa furaha. "Mwanangu, nimepata! Safari hii watanikoma!"

Chokochoko aliiona ile pembe, akajua ni mwanga. Akafungua daftari lake la shule, akajifanya anasoma.

Ijumaa, mlangoni mwa ukumbi, alimsikia mkuu wa idara akimnong'oneza mwenzake: "Mwache ajisifu. Akiumbuka leo, hakuna chuo kitakachompokea tena."

Chokochoko akamkimbilia mama. Akamvuta mkono wa koti. "Mama, usiseme. Nilifungua sanduku."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Siku tano unanitazama nikicheka kama mwehu, na mdomo unao?"

Mama aliingia bila kumshika mkono. Daftari la utafiti halifutwi kwa raba. Basi alizikata kwa mstari hesabu za siku tano, akatia sahihi mbele ya wote. "Mwanga uliingia. Sina jambo jipya. Na kutolikagua sanduku ni kosa langu."

"Nilijua tu," mkuu wa idara alicheka.

"Wewe ulishawahi kufuta kazi yako mbele ya watu?" aliuliza mjumbe mmoja mzee. "Mimi huyu namwamini."

Wajumbe wakapiga kura. Mama akapewa mwaka mmoja zaidi, kwa tofauti ya kura moja.

Nje, mama hakutabasamu. "Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama utagombezwa. Jumatatu kosa lako lingezibwa kwa kipande cha utepe tu. Leo lilitaka kuchukua kazi yangu na jina langu."