Programu Imesimama Wapi?

Asubuhi nyumba ya seremala huwa na kelele. Randa inalia kibarazani. Pacha wanagombania kijiko. Bibi yao anawaamua kwa sauti kubwa kuliko ugomvi wenyewe. Mama Pacha amezoea. Mkono mmoja hushika kikombe cha chai, mwingine hufungua kompyuta.

Kwenye kona ya chumba kuna kabati la mbao lenye kioo. Seremala alilitengeneza mwenyewe. Ndani yake kuna mayai sitini, taa ya joto na kipimajoto. Programu inayowasha na kuzima taa iliandikwa na mkewe, Mama Pacha. Joto linatakiwa kuwa nyuzi 37.8. Vifaranga hutoka siku ya ishirini na moja.

Siku hiyo ilikuwa ya kumi na saba. Tangu jana yake, Mama Pacha alipoongeza mistari michache kwenye programu, taa ilikuwa inachelewa kuwaka. Joto lilishuka hadi 37 ndipo iwake. Mama Pacha akamwomba msaidizi wa akili unde, aliyemo kwenye kompyuta yake, atafute kosa.

Msaidizi akaandika: "Nimerekebisha. Subiri kidogo."

Akasubiri. Joto likawa 36. Akaeleza tena. Msaidizi akabadilisha mistari mingine. "Sasa iko sawa. Subiri kidogo." Joto likawa 35, na taa haikuwaka kabisa.

"Huyo msaidizi wako kazi yake ni kusema subiri?" mama mkwe wake, bibi wa pacha, akauliza. "Mwanangu, mayai hayapashwi moto kwa ahadi."

Mama Pacha alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye kipimajoto. Juzi walimulika yai moja kwa tochi. Pacha waliona kitu kinatikisika ndani, wakaruka kwa furaha. Sasa angewaambia nini?

"Nimwite jirani? Yule wa lifti?" mumewe akauliza.

"Mwite. Na usitembee, kimbia!"

Jirani alifika na mswaki mkononi. Kazi yake ni kutengeneza lifti za maghorofa, pamoja na programu zinazoziendesha.

"Mayai kwanza, kompyuta baadaye," alisema. "Taa inawashwa kwa mkono?"

"Ina swichi pembeni," seremala akajibu.

"Iwashe, shemeji. Kaa na kipimajoto. Ikifika 38, zima. Ikishuka kidogo, washa."

"Kumbe leo mimi ndiye programu," seremala akasema. Wote wakacheka, na pumzi zikashuka.

Jirani akavuta kiti. "Haya, dada. Msaidizi alianzaje?"

"Aliwasha chombo cha kusakia makosa. Kile kinachosimamisha programu kwenye mstari fulani ili uchungulie ndani."

"Na sasa hivi programu inakwenda au imesimama?"

Mama Pacha akatazama mistari kwenye kompyuta. "Sijui. Nadhani inakwenda."

"Na msaidizi anadhani hivyo hivyo. Mnadhani wawili! Sikiliza. Lifti ikikwama, siulizi kwanza nini kimeharibika. Nauliza imesimama ghorofa ya ngapi, na ndani kuna nani. Msaidizi hana macho ya kuona kompyuta yako. Amepewa vyombo, na kimojawapo ni cha kuangalia hali. Asipokitumia, anabahatisha. Mwambie aangalie."

Mama Pacha akaandika: "Usibadilishe kitu. Angalia kwanza hali ya chombo cha kusakia makosa. Kimewashwa? Programu inakwenda au imesimama? Mstari upi? Ndani kuna namba gani?"

Jibu lilikuja mara moja. Chombo kimewashwa. Programu imesimama mstari wa 42, kwenye alama ya kusimamishia ambayo msaidizi mwenyewe aliiweka asubuhi. Joto lililopimwa mara ya mwisho: 37.2. Joto linalotakiwa: 37.

"Imesimama!" Mama Pacha akapaza sauti. "Kumbe kila alichorekebisha hakijafanya kazi. Taa ingewakaje?" Kisha akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Ngoja. Thelathini na saba? Mimi niliandika 37.8!"

"Enhe. Nukta nane imekwenda wapi?"

Akafuata mistari kwa kidole. Aliyapata mwenyewe makosa yake: programu ilikuwa inapokea namba nzima tu. Kilichofuata nukta kilikatwa.

Alirekebisha neno moja. Akamwagiza msaidizi arudishe mistari aliyoibadilisha, aondoe alama na aangalie hali tena. Jibu: "Hakuna alama. Programu inakwenda. Joto linalotakiwa ni 37.8." Wakaijaribu kwanza kwa taa ya akiba na kipimajoto kingine kilichotiwa kwenye maji ya vuguvugu. Ilipofaulu, seremala akaachishwa kazi yake mpya.

"Mara nyingine," jirani akasema, "usisimamishe programu inayolinda mayai. Fanyia majaribio pembeni. Hii imesimama taa ikiwa imezimwa. Ingesimama imewaka, tungekula mayai ya kuchemsha."

Siku ya ishirini na moja, pacha waliamka wakasikia mlio mwembamba. Yai moja lilikuwa na ufa. Hadi adhuhuri kabati zima lilikuwa linalia piyo, piyo. Bibi alijaribu kuhesabu vifaranga, wakamchanganya, akaanza upya. Hamsini na watatu!

Sasa Mama Pacha anaandika programu ya kabati la pili. Msaidizi akimwambia, "Nimerekebisha," yeye hujibu, "Ahsante. Hali ikoje?" Kisha huyasoma majibu yote, mstari kwa mstari, huku kifaranga mmoja akimdonoa kidole cha mguu.