Saa Saba Mchana, Magofu ya Knossos

"Sheldon, tukirudi Texas tuachane."

Prudensia aliyasema hayo akiwa kwenye foleni, jua la Juni likimchoma shingo, nyuma ya kundi la watalii wenye kofia za majani. Walikuwa wanasubiri kuingia chumba cha kiti cha enzi katika kasri la Knossos, kisiwani Krete, magofu ya miaka karibu elfu nne. Alikuwa amepanga kuyasema siku ya mwisho, hotelini, kwa utaratibu. Lakini neno likikukaa kooni tangu Houston, siku yake likitaka kutoka halikuombi ruhusa.

Sheldon Mogaka alikuwa ameinua simu anapiga picha zile nguzo nyekundu, nyembamba chini, nene juu. Akaishusha polepole.

"Umesema?"

"Umenisikia."

"Hapa, Pru? Kwa line?"

"Hapa hapa. Nisiposema sasa sitasema tena."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ni mama."

Sheldon akaitia simu mfukoni. Jambo la mama alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Prudensia ni nesi, Mhaya wa Kanyigo, mkoani Kagera, anafanya kazi hospitali moja Houston. Sheldon ni Mkisii, mtu wa kompyuta, ofisi yake iko Plano. Walikutana Garland kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yao Glory, wakagombea paja moja la kuku, na tangu siku hiyo kila wikiendi mmoja wao alikuwa barabarani, mwendo wa saa nne kwenye I-45, kumfuata mwenzake. Watu wazima wanaohangaika hivyo hawachezi.

Sasa mwaka jana mwezi wa tano, Sheldon akaamua kuongea na mama mkwe mwenyewe, kama kijana aliyelelewa.

"Nimpigie saa ngapi?" aliuliza.

"Mpigie jioni, akishakula. Hapo ndipo moyo wake unakuwa laini."

Sheldon akatoka kazini, akaoga, akavaa shati lenye kola kana kwamba simu ina macho, akapiga jioni. Jioni ya Plano! Jamani, Kanyigo ilikuwa saa nane usiku.

Na kwetu simu ya saa nane usiku haijawahi kuleta habari njema. Baada ya hapo mama akampigia Prudensia analia, mkono wa kulia umefungwa hogo la plasta.

"Mwanangu, huyo mwanamume wako ameniua. Simu imelia usiku, nikajua umekufa. Nimeruka kitandani nikaanguka, mkono umevunjika. Sitaki kusikia jina lake tena."

Sheldon alipoambiwa hakujitetea hata neno moja. Alikaa kwenye ngazi za apartimenti ya Prudensia akashika kichwa. Kuanzia hapo jina la Mogaka likawa halitajwi Prudensia anapoongea na nyumbani.

Krismasi Prudensia akapata green card, baada ya miaka sita ya kutothubutu kutoka Amerika. Wote wakadhani atapanda ndege ya kwanza kwenda kwao. Hakwenda. Alijua akifika ataambiwa achague, naye alikuwa hajui atachagua nini. Ndipo Sheldon akaja na tiketi za Krete. Picha ya magofu yale ilikuwa kwenye kompyuta yake tangu Prudensia amjue, na kila mara alikuwa akisema, "Hapa nitakupeleka." Prudensia akakubali. Lakini wiki moja kabla ya safari mama alimaliza maneno: "Ni mimi au ni yeye." Prudensia akapanda ndege akijua anakwenda kuaga.

Sheldon sasa akaelewa.

"Kumbe safari yote hii ulikuwa unanisindikiza tu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme aje? Jana ulinishika mkono pale kwa bahari. Ulikuwa unaniaga?"

Machozi yakaanza kumshuka Prudensia, na mtalii mmoja wa kizungu akampa kitambaa cha karatasi. Wakatoka kwenye foleni, wakaenda kusimama kwenye kivuli cha msonobari, karibu na mitungi mikubwa ya udongo ambayo mtu mzima angeweza kujificha ndani.

"Sitakulaumu," Sheldon akasema. "Mzazi ni mzazi. Mimi ndiye nilimvunja mkono."

Hapo hapo simu ya Prudensia ikatetemeka. Ujumbe wa mama.

*"Prude umeshamwambia? Nakuombea."*

Aliusoma, akauangalia tena. Akaangalia saa. Saa saba na dakika kadhaa mchana.

"Ajabu," akasema akijifuta pua. "Mama huwa ananiandikia nimelala."

"Saa ya hapa ni moja na ya kwenu," Sheldon akamjibu. "Niliangalia tu tulipotua. Sikutaka kukosea tena."

Hilo nalo likamkata maini. Miaka sita mama akiamka yeye analala, mama akilala yeye anaingia zamu. Walikuwa wanaongea wawili tu, mmoja kachoka, mwingine yuko gizani. Leo jua linalowawakia ni moja. Akaona ampigie amalize, aseme tayari mama, nimefanya ulilotaka. Akabonyeza video.

Aliyepokea si mama. Alikuwa mama mdogo Matumaini, mdogo wake mama, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu shamba la pili.

"Prudensiaaa! Wee! Mchana huu? Kwenu huko si usiku?"

"Shikamoo mama mdogo. Niko Krete. Huku saa ni kama zenu."

"Krete? Ile ya Mtume Paulo?"

"Hiyo hiyo."

"Haleluya! Na nani huyo anapiga mayowe?"

"Ni tausi. Wanazurura tu hapa."

"Mh! Nikadhani mnachinja mtu."

Nyuma yake nyumba ilikuwa imejaa. Jumapili, wametoka misa, sahani za ndizi zinapita, watoto chini ya meza. Prudensia aliona kochi la nyumbani, lile lile.

"Mama yuko wapi?"

"Anapakua. Mbona macho mekundu?"

"Nimeachana na Sheldon."

"Sheldon ndiye nani?"

"Mogaka."

"Mogaka? Mogaka wetu?"

"Mogaka wenu tangu lini, mama mdogo?"

"He! Si kila Jumapili anamtumia mama yako sauti kwenye simu? 'Shikamoo mama, ni Mogaka, mkono unaendeleaje?' Tukitoka misa tunaisikiliza hapa. Mama yako hamjibu, lakini anairudia mara mbili!"

Prudensia akamgeukia Sheldon. Sheldon akaangalia viatu vyake. Mwaka mzima huyu mtu alikuwa anaamka Jumapili alfajiri, giza nene, anatoka nje ya nyumba anasema anakwenda kukimbia. Prudensia hata akamwambia Glory kwamba mwanamume anayekimbia saa hizo bila kitambi kupungua ana mwanamke mahali. Kumbe mwanamke mwenyewe ni mama yake!

"Sasa kijana kama huyo unamwacha kwa kosa gani?" Matumaini akauliza.

"Unalijua. Ile simu ya usiku. Mkono wa mama."

"Simu inavunjaje mkono?"

"Si aliruka kitandani akaanguka..."

"Kitandani!" Matumaini akacheka mpaka simu ikatikisika. "Wewe mtoto, mama yako alivunjika mkono mchana kweupe, anamkimbiza mbuzi wa mwalimu Ambilikile kwenye migomba! Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Hiyo simu aliipokea, akafoka, akalala. Asubuhi akatusimulia, tukacheka mpaka chai ikapoa. Ya mbuzi yalikuwa mchana wake."

Prudensia akakaa chini, kwenye jiwe, bila kujali kama linaruhusiwa kukaliwa.

"Matumaini, unaongea na nani huko?" Sauti ya mama.

"Na mwanao! Eti mkono ulivunjwa na simu! Dada, ulimwambia nini mtoto?"

Uso wa mama ukaingia kwenye kioo. Amezeeka, Prudensia akawaza. Kwenye simu za usiku hakuwahi kuiona ile mvi.

"Mama, ni kweli?"

Mama akaangalia pembeni. Siku nyingine angesema mtandao mbaya akakata. Leo sebule nzima ilikuwa imeacha kula inamtazama.

"Ni kweli."

"Mwaka mzima, mama! Umeniacha nimlaumu mtu bure! Leo nimemwacha, sasa hivi, kwa sababu yako!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Utaolewa huko, utazaa huko, utazeeka huko. Mimi nitakuwa mama wa kwenye simu. Mkono ulipovunjika, shetani akaniambia sema ni yeye. Nikasema."

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa!"

"Ningekuambia ungekuja?" Sasa mama naye akapandisha. "Karatasi umepata tangu Krismasi, Prudensia! Umepata likizo, umepanda ndege, umevuka bahari kwenda kutazama nyumba ya watu waliokufa. Mimi mama yako niko hai! Niko hapa siku zote! Hukuja!"

Maneno ya mama yalikuwa ya kweli, na yalimchoma Prudensia palepale panapouma. Alikuwa na hasira, alikuwa na aibu, na chini ya yote hayo alikuwa na furaha ya ajabu aliyoona haya kuionyesha, kwamba Sheldon hakumvunja mtu mkono.

Sheldon akachuchumaa pembeni yake, akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Ni Mogaka."

"Marahaba," mama akajibu, sauti ndogo.

"Mama, nashukuru sana."

"Unashukuru nini? Hujasikia nilivyokufanyia?"

"Nimesikia. Lakini mwaka mzima nimelala nikijua nimemvunja mzazi mkono. Hata nikila nilikuwa naona huo mkono. Leo umenitolea hiyo kitu. Asante, mama. Kweli asante."

Mama akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika.

"Mwanangu," akasema kutoka ndani ya khanga, "nisamehe."

Simu ilipokatika, wale wawili walibaki wamekaa kwenye jiwe lao, tausi akipita mbele kwa maringo yake.

"Unaamka alfajiri kumsalimia mtu asiyekujibu," Prudensia akasema.

"Alikuwa anasikiliza. Nilikuwa naona zile alama za bluu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ingekuwa nataka unisifu. Mi nilitaka tu apone."

Prudensia akamkumbatia kwa nguvu, juani, mbele ya watalii wote, akilia na kucheka. "Asante," akawa anasema shingoni mwake, "asante, asante," mpaka Sheldon akamuuliza kama ameshikwa na malaria.

"Kwa hivyo tumeachana ama hatujaachana?" akauliza. "Nataka kujua nimbebee nani mizigo."

"Mjinga wewe. Hatujaachana."

"Basi sikia. Tuko na siku tano. Nili-book hoteli ya beach. Tuiache."

"Twende wapi?"

"Kwani unaniuliza? Mzazi amelia. Twende kwenu."

"Na kile kiti cha enzi? Umekingojea miaka yote!"

"Kimekaa hapo miaka elfu nne, Pru. Hakiendi mahali. Mama yako ndiye hatakaa hivyo."

Wakatoka getini bila kukiona. Athens, Cairo, Entebbe, kisha gari la kukodi kupitia mpaka wa Mutukula hadi Kanyigo, Prudensia akiwa na nguo za ufukweni na kofia ya majani aliyoinunua Krete.

Mama alikuwa amesimama uani. Siwezi kukusimulia walivyokumbatiana, maana hata waliokuwepo waligeuza nyuso. Sheldon alibaki mlangoni na mabegi mpaka mama mwenyewe akaja kumshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kochi.

Baada ya chakula Sheldon akakohoa kidogo.

"Mama, nina jambo. Lakini sina wazee wa kunisemea. Baba yangu na wajomba wako Kisii, na mambo yenyewe yametokea ghafla."

"Kijana hajisemei mwenyewe," mama akasema, akikaza uso. "Kwetu hapana."

Matumaini akainuka. Akachukua kigoda chake kando ya dada yake, akavuka sebule, akakiweka upande wa Sheldon, akakaa.

"Mimi leo ni Mkisii," akasema.

"Matumaini! Unaniacha mimi?"

"Nakuacha. Huyu amebeba kosa lako mwaka mzima. Acha mimi nimbebee neno lake dakika moja. Dada, tumekuja hapa kwa heshima. Tumeona ua katika nyumba hii, tunaliomba."

Sebule ikalipuka kwa vigelegele. Mama akajaribu kubaki na uso mkavu, mdomo ukamsaliti.

"Sawa," akasema. "Na mimi nani atanisemea? Mdogo wangu amekuwa Mkisii!"

Prudensia akainuka, akaenda kukaa sakafuni karibu na mama yake, akaegemea goti lake kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Mimi hapa."

"Haya, sema."

Prudensia akamtazama Sheldon, kisha akamgeukia mshenga, akaweka sauti ya wazee.

"Mama anasema amewasikia, anashukuru mmefika, na amekubali."

"Sijasema hivyo!" mama akaruka.

Watu wote wakamtazama. Mkono wake ulikuwa umeshatua kwenye nywele za binti yake, unazipapasa polepole.

"Sijasema," akarudia, sasa akilia waziwazi. "Lakini hajakosea."